Mjadala wa SADC kuhusu vita vya Kongo (1998)

Mjadala huu ulizuka Agosti 1998, waasi wa RCD, wakiungwa mkono na Rwanda na Uganda, walipomgeukia Rais Laurent-Désiré Kabila wa Kongo. Rais wa Zimbabwe, Robert Mugabe, aliyeongoza chombo cha siasa, ulinzi na usalama cha SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, alishikilia kwamba mwanachama aliyevamiwa hana budi kusaidiwa, japo Kongo ilikuwa imejiunga mwaka 1997 tu. Zimbabwe, Angola na Namibia zikapeleka majeshi. Nelson Mandela, rais wa Afrika Kusini na mwenyekiti wa jumuiya, alitaka mazungumzo kwanza. Hoja hiyo ilipungua uzito Septemba, Afrika Kusini yenyewe ilipoingiza askari Lesotho. Mkataba wa Lusaka wa Julai 1999 ulidai majeshi yote ya kigeni yaondoke, yaliyoalikwa na yasiyoalikwa. Mengi yalibaki hadi 2002.