Gari Inayokuuliza Kitambulisho

Wasee, kila nikipost gari yoyote ya Ulaya, swali kwa DM ni lile lile: "Bro, naeza wekewa rimoti ya kustati injini nikiwa ndani ya nyumba, nikitoka nipate AC ishapoa?" Swali ni la maana. Garissa saa nane mchana ni nyuzi 35 na zaidi, na gari ikiachwa juani pale Suuq Mugdi, usukani unachoma kama sufuria ya anjera. Lakini jibu la kweli liko kwa historia, na hakuna fundi atakupa hiyo historia akishaona umekuja na doo mkononi.

Tuanze na mkono. Magari ya kwanza yalistati kwa hendeli: chuma kilichopindwa, unakiingiza kwa tundu mbele ya injini, unazungusha kwa nguvu zako zote. Injini ikikataa, inarudisha ile hendeli kwa kasi, na watu walivunjika mikono kwa hiyo kazi. Ndio maana wazee walioendesha Land Rover za zamani na malori ya Bedford huku kwetu watakuambia dole gumba likae upande mmoja na vidole vingine, usilizungushe kwa chuma. Muulize mzee yeyote aliyekuwa dereva au taniboi barabara ya Wajir, atakuonyesha kwa mkono hata bila gari.

Mwaka wa 1911 Mmarekani mmoja, Charles Kettering, alitengeneza stata ya umeme, na Cadillac za 1912 zikatoka nayo kiwandani. Hapo nguvu za mkono zikaisha maana. Mwaka wa 1949 Chrysler wakaunganisha stata na ufunguo: zungusha, gari iwake. Hendeli haikufa mara moja. Land Rover iliyozaliwa 1948 bado ilikuwa na lile tundu mbele, na kwa nchi kama hii ilikuwa sawa kabisa, kwa sababu betri ikikufia katikati ya Modogashe na Habaswein nani atakupiga jampa? Ngamia?

Sasa sikia hapa. Kwa miaka mingi ufunguo wa gari ulikuwa chuma tu, swichi ya kuunganisha nyaya. Nyaya zenyewe ni chache: moja inaleta umeme wa betri, moja ya ignisheni, moja ya redio na feni, moja ya stata. Ukizijua hizo nne umejua gari. Ndio maana rimoti ya kustati kwa Probox au Noah ya ufunguo wa kawaida haisumbui sana. Fundi anafungua plastiki chini ya usukani, anatafuta zile nyaya kwa taa ya kupimia, anaweka kisanduku chenye rilei kinachofanya kile mkono wako ungefanya. Anaongeza waya wa breki, ili ukikanyaga kabla hujaingiza ufunguo injini izime, na swichi ya boneti, ili mtu akiwa ameinamia injini isiwake. Fundi mzuri hamalizi hiyo kazi bila kukuuliza gari ni ya gia gani. Manuali ikiachwa ndani ya gia, ukibonyeza rimoti kutoka sebuleni, gari inaruka mbele peke yake. Kwa mtaa ambapo watoto wanacheza kivulini mwa gari, hilo si jambo la mzaha.

Gari ya Ulaya ni dini nyingine. Na sababu yake ni wezi.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990, ukuta wa Berlin umeanguka, mipaka imefunguka, magari ya Ujerumani yakaanza kupotea usiku na kuonekana mashariki. Kampuni za bima zikachoka kulipa, zikasema gari bila kizuizi cha injini tusisumbuane. Umoja wa Ulaya ukaweka sheria, na kuanzia Oktoba 1998 kila gari mpya ndogo inayouzwa huko lazima iwe na imobilaiza. Yaani ndani ya kichwa cha ufunguo kuna chipu ndogo. Ukiingiza ufunguo, gari inaiuliza: wewe ni nani? Chipu inajibu kwa namba za siri. Jibu likikosa, unaweza kuzungusha mpaka kesho, injini haitashika.

Kwa lugha yetu ya huku, gari ilianza kuitisha kitambulisho. Na sisi watu wa Kaskazini Mashariki hatuhitaji mtu wa kutufafanulia hiyo. Babu zetu waliishi kwa wilaya iliyofungwa tangu 1926, huingii wala hutoki bila kibali. Hali ya hatari iliwekwa Desemba 1963, ikaondolewa 1991. Mwaka wa 1989 Wakenya Wasomali walipigwa msasa na kupewa ile kadi ya pinki, juu ya kitambulisho ambacho Mkenya mwingine anaonyesha mara moja na kupita. Na sisi tuliozaliwa juzi tulipangwa mbele ya kamati kuulizwa jina la babu wa babu, mpaka serikali iliposema mapema 2025 kwamba hiyo vetingi ya ziada imeisha. Kwa hivyo nikisema BMW haikuamini hata kama umeilipia, najua mnaelewa.

Halafu mambo yakazidi. Bosch walikuwa wametangaza mwaka wa 1986 mfumo wa kompyuta za gari kuongea kupitia nyaya mbili tu, unaoitwa CAN. Kwa Mercedes, Audi au Volkswagen ya leo, kitufe cha kustati hakiwashi chochote. Kinatuma ombi. Kompyuta moja inatafuta ufunguo uko wapi, nyingine inafungua kufuli ya usukani, nyingine inathibitisha gia iko P na mguu uko kwa breki, kisha ya injini inakubali. Zile nyaya nne za Noah? Ukizitafuta huku unatafuta mwezi mchana. Nimeona kazi ambapo mtu aligusa waya mbaya na taa zote za dashibodi zikawaka kama harusi. Gari ilirudi Nairobi juu ya lori.

Na kuna kitu wengi hawajui: Wajerumani wenyewe hawakutaka hii rimoti. Sheria yao ya barabara inakataza kuacha injini inanguruma bure. Wakisikia baridi wanatumia hita ndogo ya kando, Webasto kwa mfano, inayochoma mafuta kidogo na kupasha gari bila injini kuwaka. Amerika ndio waliipenda. General Motors waliiweka kiwandani kwa Chevrolet Malibu ya 2004, na maduka ya kufunga zile za kununua kando yalikuwepo kabla ya hapo. Ndio maana wengi wenu mlijulia hii kitu kwa video za binamu zenu wa Minneapolis: theluji imefika magotini, yeye yuko jikoni anakunywa chai, gari inajipasha nje. Halafu abti akija likizo anabeba hicho kisanduku kwa sanduku lake kama zawadi. Shida ni kwamba hivyo visanduku vimepangiwa magari ya soko la Amerika, na yako imetoka Uingereza, usukani kulia. Jina la gari ni moja, nyaya na programu zaweza kuwa tofauti kabisa.

Sasa fundi wa hapa anafanyaje ili gari ikubali bila wewe kuwepo? Kuna njia ya kisanduku cha data kinachojifunza lugha ya gari, ghali, na si kila modeli iko nacho. Na kuna njia ya mkato: anachukua ufunguo wako wa akiba, anautoa ganda, anauficha nyuma ya dashibodi na koili ya waya. Ukibonyeza rimoti, gari inauliza kitambulisho, ule ufunguo uliofichwa unajibu.

Tulia ufikirie hiyo. Sheria ya 1998, chipu, pesa zote zile, halafu wewe unaacha kitambulisho ndani ya gari usiku kucha. Kisanduku kizuri kinauamsha ule ufunguo kwa zile sekunde za kustati peke yake. Cha bei ya chini kinauacha macho saa zote, na mwizi anayejua anahitaji tu kuvunja kioo.

Utaniambia usalama wa kiwandani nao si Kurani. Kweli. Watafiti wa Birmingham na Uholanzi waligundua udhaifu kwa chipu iliyotumiwa na Volkswagen na wengine wengi. Volkswagen wakaenda mahakamani Uingereza mwaka wa 2013 kuzuia utafiti usichapishwe, ukatoka 2015 na sentensi moja imekatwa. Mimi hiyo inaniuma kwa sababu moja: siri ilifichwa kwa wenye magari, si kwa wezi. Na inafichwa pia kwa mafundi. Kijana wa Bula Iftin anayeweza kusoma mchoro wa nyaya za Land Cruiser akiwa amefunga macho hapewi programu ya kusajili ufunguo wa Audi. Analazimika kununua ya wizi mtandaoni, halafu tunamcheka akiharibu. Mimi niliacha uhandisi mwaka wa pili, na mengi ya hapa nimeyajulia kwa vijana kama hao, wamelala chini ya gari.

Na hata ikifungwa vizuri, kumbuka uko wapi. Mji uliopitia tarehe 2 Aprili 2015 hauangalii kwa macho ya kawaida gari tupu inayonguruma peke yake nje ya benki au msikiti. Askari akikuuliza, "nilikuwa napoza AC" litakuwa jibu refu.

Kama bado unaitaka, muulize fundi mambo mawili kabla hajagusa plastiki: ufunguo wa akiba utabaki mkononi mwangu ama ndani ya gari, na mlango ukifunguliwa bila ufunguo injini itazima? Akianza kukuzungusha, ondoka. Na wenye BMW, kabla ya yote hayo, ingieni kwa menyu ya gari mtafute sehemu ya hewa. Nyingi zina feni inayoweza kuwekewa saa ipulize joto nje gari ikiwa imezimwa. Haileti baridi ya AC, lakini usukani unashikika, na ulishailipia.