Ukongwe wa Dawa Si Ushahidi: Tiba ya Asili ya Kichina na Homa ya Mafua

Mjadala kuhusu tiba ya asili ya Kichina na homa ya mafua huvurugika kwa sababu madai matatu huchanganywa. La kwanza ni kwamba dawa humpa mgonjwa nafuu. La pili, kwamba huufupisha ugonjwa. La tatu, kwamba humkinga mtu asiambukizwe. Makala hii inashikilia kuwa kila dai linadai ushahidi wake, na kwamba ukongwe wa dawa hauthibitishi hata moja kati ya hayo.

Wanaoitetea tiba hii kwa umri wake huisahau historia yake yenyewe. Kwa karne nyingi matabibu wa China waliegemea Shanghan Lun, kitabu cha Zhang Zhongjing cha karibu mwaka 200, kilichohusisha homa na baridi inayopenya mwilini. Mwaka 1642, wakati wa milipuko ya maradhi, Wu Youxing alipinga: chanzo cha tauni hizo si baridi wala majira, bali ni kisababishi mahususi kinachoingia kwa pua na mdomo. Mwaka 1798 Wu Jutong alikamilisha Wenbing Tiaobian, chenye mchanganyiko wa yinqiaosan, wa maua ya jinyinhua na matunda ya lianqiao, ambao hadi leo hutumika homa inapoanza. Matabibu hao waliona tiba za wakubwa wao hazifui dafu, wakazirekebisha. Kuwaheshimu ni kuendeleza desturi hiyo ya kuhoji.

Kuhoji huko kulifanyika wakati wa janga la mafua ya H1N1 la mwaka 2009. Chen Wang na wenzake walichapisha mwaka 2011, katika jarida la Annals of Internal Medicine, jaribio la wagonjwa 410 wenye homa isiyo kali. Homa ilishuka baada ya wastani wa saa 26 kwa wasiopewa dawa yoyote kati ya zilizojaribiwa, saa 20 kwa waliopewa oseltamivir, dawa ya virusi, saa 16 kwa waliopewa mchanganyiko wa maxingshigan na yinqiaosan, na saa 15 kwa waliopewa zote mbili. Matokeo hayo si ya kubezwa, lakini yana mipaka: hapakuwa na dawa bandia ya kulinganishia, na wagonjwa walijua wanachokunywa. Tena hawakuwa mahututi. Jaribio linaunga mkono dai la pili, kwa wagonjwa wa aina hiyo. Halisemi lolote kuhusu kinga.

Kwenye kinga ndipo madai hutangulia ushahidi. Virusi vya mafua hubadilika, ndiyo maana Shirika la Afya Duniani hupitia muundo wa chanjo mara mbili kwa mwaka. Shirika hilo linakadiria kuwa mafua ya msimu huua watu kati ya 290,000 na 650,000 kila mwaka kwa matatizo ya upumuaji. Hakuna mchanganyiko wa mitishamba uliothibitishwa kuchukua nafasi ya chanjo.

Neno “asili” nalo halitoshi kumtoa mtu hofu. Mahuang, kiungo kikuu cha maxingshigan, ina efedrini, inayofungua njia za hewa lakini pia hupandisha shinikizo la damu; Marekani ilipiga marufuku virutubisho vyenye mmea huo mwaka 2004. Kwa upande mwingine, oseltamivir yenyewe imetengenezwa kwa asidi inayopatikana katika bajiao, kiungo cha mapishi cha China chenye umbo la nyota. Hata hivyo, anayekula bajiao hajala oseltamivir: asidi hiyo hupitia hatua nyingi za kikemia kabla ya kuwa dawa.

Kipimo hichohicho kinatuhusu Afrika Mashariki, ambako zahanati za Kichina zilienea Dar es Salaam tangu miaka ya 1990, na ambako tangawizi, ndimu na asali ni tiba ya kwanza nyumbani. Asali hutuliza kikohozi, lakini mtoto wa chini ya mwaka mmoja asipewe, kwa hatari ya botulizimu. Kujifukiza huenda kukampa mtu faraja, ila hakuui virusi, na maji ya moto yameunguza wengi. Tiba hizi za nyumbani zinafaa kwa dai la kwanza, na hilo si dogo kwa mtu aliyelala na homa. Kosa huanza pale nafuu inapohesabiwa kuwa kinga: mjamzito, mzee au mwenye pumu akaikosa chanjo, au mgonjwa anayehema kwa shida akacheleweshwa kufika hospitali kwa kuwa chungu bado kiko jikoni.