Kimio, Njugu na Pini

Kwa muda mrefu katika pwani ya Kenya, mtoto aliyekohoa wiki baada ya wiki alifunuliwa kinywa, akatazamwa kooni, na lawama ikakiangukia kimio, kile kinyama kinachoning'inia nyuma ya ulimi. Kikionekana kirefu, kilikatwa. Wako wanaosema desturi hiyo ilidumu kwa sababu hospitali kuu ilikuwa kisiwani Mombasa: mgonjwa wa Likoni alivuka maji, na wa Kisauni hakuwa na daraja la Nyali hadi 1931. Hoja hiyo ina uzito, lakini haitoshi, kwani vimio vimekatwa pia Tanzania, Ethiopia na Nigeria, kusikokuwa na kivuko cha Likoni. Naona sababu yenye nguvu zaidi ni kwamba kimio ndicho kilichoonekana, na kwa kuwa vikohozi vingi vya watoto hupoa vyenyewe, wembe ulipewa sifa isiyo yake. Watoto wengine walivuja damu, wengine wakapata pepopunda, na chanzo chenyewe kikabaki chini, mahali ambapo jicho halifiki.

Kufika huko kulihitaji vyombo. Mwaka 1854 Manuel García, mwalimu wa uimbaji, alitumia vioo na mwanga wa jua kulitazama koromeo lake mwenyewe. Mwaka 1895 Wilhelm Röntgen aligundua eksirei, na baada yake sarafu na misumari iliweza kuonekana ndani ya kifua. Miaka miwili baadaye, mjini Freiburg, Gustav Killian alipitisha bomba kinywani mwa mkulima na kutoa kipande cha mfupa katika mrija wa pafu, bila kumpasua.

Lakini eksirei haikumaliza kazi, na hapa ndipo penye ugumu wa kweli. Mtoto mdogo hana magego ya kusaga njugu. Hupaliwa, hukohoa kwa nguvu, kisha hutulia, na utulivu huo huwadanganya wazazi. Njugu imekwisha kushuka. Haionekani kwenye picha kama chuma kinavyoonekana. Hufura kwa unyevu, ikaruhusu hewa kuingia na kuizuia kutoka, hata pafu moja likabaki limejaa wakati jingine linapumua. Mluzi wa kifua huitwa pumu, homa ikija huitwa nimonia, na kikohozi kikizidi hushukiwa kifua kikuu. Yote matatu ni maradhi ya kawaida, kwa hiyo kosa hilo linaeleweka, ingawa gharama yake ni pafu la mtoto.

Pini ya ushungi ina historia tofauti. Madaktari wa Uturuki na Misri wameeleza visa vingi vya wasichana walioshika pini kwa midomo wakijifunga, wakacheka au kusema, ikavutwa ndani. Pini hiyo eksirei huiona mara moja.

Mwaka 1966 Shigeto Ikeda wa Japani alileta bomba linalopinda, lakini kwa mtoto aliyezibwa njia ya hewa, bomba gumu bado ndilo linalotegemewa, chini ya dawa ya usingizi. Kwa hiyo zahanati ya Changamwe au Likoni haiwezi kuitoa njugu. Inachoweza ni kuishuku mapema na kumpeleka mtoto kwenye hospitali ya rufaa. Shuku hiyo huanza kwa kumuuliza mama kama mtoto alipaliwa, lini, na alikuwa akila nini.