Ngoma ya Gwaride na Vyuma Vyake

Ewe mwanafunzi, wahenga walinena: mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake. Methali hii hutajwa kumsuta mtu ajipendeleaye. Lakini leo nakuomba uitazame kama habari ya historia.

Ngoma ninayoikusudia ni ile ndogo ya gwaride, ipigwayo kwa mikwiro miwili. Igeuze, nawe utaona nyuzi zimelazwa juu ya ngozi ya chini. Ngozi ya juu ipigwapo, hewa iliyomo huisukuma ile ya chini, nayo hugongana na nyuzi. Ndipo utokapo ule mlio mkali wa kuchakarika. Nyuzi zikilegea sana, mlio huwa wa ovyo. Zikikazwa kupita kiasi, husongwa.

Zamani huko Ulaya nyuzi hizo zilikuwa za utumbo wa wanyama, na ngozi zilivutwa kwa kamba. Mwaka 1837 Mwingereza Cornelius Ward alileta njia ya kukaza ngozi kwa parafujo. Tangu hapo mwenye ngoma alikuwa na la kuchagua. Kamba ni nyepesi, na ikikatika hufungwa nyingine. Lakini hulegea upesi. Parafujo hukaza sawasawa na kushika. Lakini hupata kutu, na ikivunjika huhitaji duka na fedha.

Katika Afrika ya Mashariki ngoma hii ilivuma pamoja na majeshi. Kikosi cha King's African Rifles kiliundwa mwaka 1902, na askari wake walitembea kwa mapigo yake. Ilikuwa sauti ya amri. Hata hivyo, tangu miaka ya 1890 watu wa Lamu na Mombasa walikuwa wameanza kuifanya bendi kuwa mchezo wao wenyewe, wakauita beni. Vyama vilishindana kwa mavazi, vyeo na gwaride. Vita vya 1914 hadi 1918 viliueneza mchezo huo bara pamoja na askari na wapagazi. Tanganyika ikajua vyama vya Marini na Arinoti. Kule Nyasa, wasiokuwa na tarumbeta za shaba walitumia vibuyu vilivyozibwa kwa utando wa buibui. Kukosa vyuma hakukuwanyamazisha. Ngozi iliyokuwa imevutwa upande wa watawala, wao waliivuta upande wao.

Sasa fikiri habari ya Kimulot, katika nchi ya chai. Mvua inayostawisha majani ya chai ndiyo inayoilegeza ngozi ya mnyama, kwa kuwa ngozi hunywa unyevu. Hapa kamba na ngozi humchosha mpigaji. Tangu mwaka 1957 hivi, ngozi za plastiki zilianza kuuzwa Marekani. Hizo hazinywi maji, ila bado zahitaji kukazwa. Ukipewa ngoma ya shule uitengeneze, chagua parafujo ambazo fundi wa karibu aweza kuzibadili, zipake mafuta, nawe uzikaze kwa kukabiliana, huku kidogo na kule kidogo, ili pete isipinde.

Basi, usiulize tu ngoma imetoka wapi. Uliza pia ni mkono wa nani uwezao kuikaza. Ngoma isiyoweza kukazwa na wenye kuipiga, japo ni nzuri, ingali mali ya mwingine.