Oksijeni ya Kuuzwa: Raha Hufika Kwanza, Sheria Hufika Ikihema

Beshte yangu alinitumia klipu moja ya Las Vegas. Watu wameketi kwa kaunta, kila mtu na mrija puani, na mbele yao kuna chupa za maji ya rangi yanayotoa mapovu. Hawanywi kitu. Wanalipa kuvuta oksijeni yenye harufu ya chungwa na minti. Akaniambia, "Bro, hii kitu ikifika Nairobi, mimi ndiye wa kwanza kwa laini."

Mimi sikucheka sana. Nitawaambia kwa nini, lakini tuanze mwanzo, juu hii story ni ya zamani kuliko casino yoyote.

Mwaka wa 1774, mhubiri Mwingereza anaitwa Joseph Priestley alitumia lenzi kukusanya miale ya jua, akachoma oksidi ya zebaki. Gesi ikatoka. Mshumaa ukiwekwa ndani yake unawaka balaa, na panya anaishi muda mrefu kuliko kwa hewa ya kawaida. (Scheele wa Uswidi alikuwa ameipata mapema, lakini akachelewa kuchapisha. Pole yake.) Priestley akaivuta mwenyewe, akasikia kifua chepesi, akaandika kwamba pengine siku moja gesi hii itakuwa anasa ya watu wa fasheni.

Lakini pia alionya: kama mshumaa unaisha haraka ndani ya gesi hii, huenda na sisi tukaisha haraka. Kwa hivyo tangazo na onyo vilitoka kwa mtu mmoja. Wafanyabiashara walibeba tangazo tu.

Onyo lilikuja kulipiwa baadaye, na walilipa watoto. Miaka ya 1940, hospitali za nchi tajiri zilianza kuweka watoto waliozaliwa kabla ya wakati kwa inkubeta zenye oksijeni nyingi. Nia ilikuwa nzuri kabisa. Kisha watoto wakaanza kupofuka, maelfu yao. Daktari Kate Campbell wa Melbourne aliinyooshea oksijeni kidole mwaka wa 1951, na utafiti mkubwa wa Marekani ukathibitisha miaka michache baadaye. Stevie Wonder, aliyezaliwa 1950, ni mmoja wa waliopoteza macho kwa ugonjwa huo.

Halafu kuna moto. Januari 1967, wanaanga watatu wa Apollo 1 walikufa wakiwa bado ardhini, kwenye mazoezi. Chombo kilikuwa kimejazwa oksijeni tupu, na cheche moja ikatosha.

Pamoja na hayo yote, miaka ya 1990 baa za oksijeni zikashika. Toronto ilipata yake 1996, kisha mwigizaji Woody Harrelson akaingia kwa hiyo biashara kule California, na mtindo ukasambaa.

Sasa tuwe wa haki. Ukiwa mzima, dakika 15 za mrija hazitakuua. Shida ni kwamba pia hazitakusaidia sana. Hewa ya kawaida ina oksijeni 21%, na damu ya mtu mzima wa afya tayari imebeba zaidi ya 95% ya kile inaweza kubeba. Ni kama kumimina maji kwa jerikeni iliyojaa.

Lakini si kila mtu kwa hiyo kaunta ni mzima. Kuna wagonjwa wa mapafu wa muda mrefu ambao oksijeni nyingi inaweza kuvuruga kupumua kwao. Kuna aliyetibiwa saratani kwa dawa ya bleomycin, ambaye mapafu yake yanaweza kuumia. Harufu nayo ikiwa ya mafuta, matone yakifika mapafuni yanaweza kuleta nimonia. Na mrija je, umetoka kwa pua ya nani?

Sheria ya Marekani inachekesha. FDA inasema oksijeni ya kuvuta ni dawa inayohitaji cheti cha daktari, lakini kwa upande wa hizi baa, usimamizi umeachiwa sana majimbo. Kwa hivyo mwenye baa anaepuka kusema inatibu. Anasema ni burudani. Neno moja kwa bango ndilo linaamua kama unauza dawa ama soda.

Kile kinanikera ni hiki. Mwaka wa 2019, baa ilifunguliwa Delhi ikiuza dakika 15 kwa rupia 299. Aprili 2021, mji huo huo, watu walikufa hospitalini kwa kukosa oksijeni. Mwaka huo pia mjomba wangu alizunguka mji mzima akitafuta mtungi wa shosho. Alipata, shosho akapona. Jirani yetu hakupata.

Kwa hivyo baa ikija hapa, isipigwe marufuku tu kwa hasira. Iandikishwe kama kitu kinachogusa mapafu. Kila mteja apewe mrija mpya, aulizwe kuhusu pumu, mapafu na dawa anazotumia. Mafuta yasikaribie, sigara isikaribie, na hakuna kudanganya watu ati inatoa hangover. Hizi sheria ziwe tayari kabla mlango wa kwanza ufunguliwe.

Nilimwambia beshte yangu hivyo. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Na hiyo ya minti ni mafuta ama ni nini?"

Exactly. Hilo ndilo swali la kuuliza kabla ya kulipa.