Pumzi ya Ziada: Turbo Kutoka Winterthur Hadi Gereji za Nairobi

Katika mji wa Winterthur, nchini Uswisi, ambako kampuni ya Sulzer iliunda injini za meli na za viwanda, alikuwako mhandisi jina lake Alfred Büchi, mzaliwa wa mwaka 1879, ambaye jambo moja lilimshughulisha kuliko mengine yote katika mitambo ya zama zake: sehemu kubwa ya joto la mafuta yaliyounguzwa ndani ya silinda ilitoka pamoja na moshi na kupotea hewani bila kumfaa mtu. Mwaka 1905 alipata hataza nchini Ujerumani kwa wazo lililoonekana jepesi juu ya karatasi, kwamba moshi huo, kabla ya kuachiliwa, uzungushe gurudumu la mapanga, na gurudumu hilo lizungushe jingine lililo upande wa pili wa mhimili uleule, na hilo la pili livute hewa safi na kuishindilia katika silinda, ili injini ipate pumzi kubwa kuliko ile ambayo ingeweza kuivuta yenyewe.

Kutoka wazo hadi tendo palikuwa na safari ndefu. Injini yake ya majaribio ya mwaka 1915 haikuweza kutegemewa, na ilipasa kungojea hadi mwaka 1925 ndipo Büchi alipofaulu kuongeza nguvu za injini ya dizeli kwa zaidi ya asilimia 40. Baada ya hapo meli mbili za abiria za Ujerumani, Preussen na Hansestadt Danzig, zilitiwa injini za namna hiyo, ambazo badala ya nguvu za farasi 1,750 zilitoa 2,500. Miaka ishirini hiyo ndiyo ningependa msomaji aishike kwanza, maana imani yangu, baada ya kuifuata historia hii na kuyatazama magari mengi yaliyofufuliwa na kubadilishwa injini, ni kwamba turbo, kama chombo hicho kilivyokuja kuitwa, si kiungo cha kupachikwa juu ya injini iliyokwisha kamilika. Ni sharti jipya linaloudai mwili mzima wa gari, na kila mara watu walipoghafilika na sharti hilo, mtambo uliwaumbua.

Wakati Büchi akihangaika na dizeli, vita vya kwanza vya dunia vilileta haja nyingine. Eropleni ikipanda juu hukuta hewa nyembamba, na injini yake hudhoofika kadiri inavyozidi kupaa. Auguste Rateau alilishughulikia jambo hilo nchini Ufaransa. Marekani kazi ikakabidhiwa Dk. Sanford Moss wa kampuni ya General Electric, ambaye mwaka 1918 alifanya jaribio ambalo kwangu halina mfano kwa uwazi wake. Aliichukua injini ya Liberty yenye silinda 12, akaipandisha kwa lori hadi kilele cha Pikes Peak katika jimbo la Colorado, takriban mita 4,300 juu ya usawa wa bahari. Injini ile, iliyotoa nguvu za farasi 350 huko chini ilikopimwa kwanza, ilishuka kule juu hadi 230. Ilipotiwa turbo, ilitoa 356 palepale kileleni. Mlima ulikuwa umeshindwa kuinyima pumzi.

Watu wa Afrika Mashariki tuna sababu ya kulitafakari jaribio hilo kuliko wengi. Nairobi imekaa takriban mita 1,700 juu ya bahari, na gari lisilo na turbo, lililotoka Mombasa na nguvu zake timamu, hufika huko likiwa limepungukiwa na hewa kiasi cha sehemu moja katika sita. Likiendelea kupanda kuelekea Timboroa hupungukiwa zaidi. Dereva hudhani gari limechoka kwa safari, kumbe ni hewa.

Magari madogo yalichelewa kuipata neema hii hadi mwaka 1962, General Motors ilipotoa mawili kwa mpigo, Chevrolet Corvair Monza Spyder na Oldsmobile Jetfire, na katika mawili hayo mna darasa zima kwa fundi. Wahandisi wa Corvair walipunguza uwiano wa mgandamizo hadi 8 kwa 1, kwa kuwa hewa inayoingia ikiwa imekwisha shindiliwa haihitaji kubanwa tena mno. Wa Oldsmobile walichagua njia ya kishujaa zaidi: waliuacha uwiano wa 10.25 kwa 1 katika injini yao ya aluminiamu ya V8, ya lita 3.5, wakapata nguvu za farasi 215. Kuizuia petroli isiripuke kabla ya wakati wake na kuigonga pistoni, wakaweka tangi dogo la maji yaliyokenekwa yaliyochanganywa na methanoli, yakinyunyizwa katika njia ya hewa kila turbo ilipofanya kazi.

Maarifa ya mtambo huo yalikuwa makubwa, na mimi nayastahi. Lakini yaliitegemea kumbukumbu ya mwenye gari. Tangi lilipokauka, vali ya usalama iliibana hewa, na gari likawa zito ghafla. Wenye magari, ambao hawakuzoea kujaza kitu chochote ila petroli, oili na maji ya rejeta, walilalamika. Jetfire zilizoundwa hazikufika 10,000, na mwaka 1965 kampuni ikawaambia wateja wayarudishe magari yao, iondolewe turbo na kuwekwa kabureta ya kawaida. Ndiyo maana anayeifufua Jetfire leo ana kazi ya kinyume na wafufuaji wengine: hutafuta huku na huku vyombo ambavyo gereji za wakati ule zilivitupa. Injini ndugu yake, ile ya Buick isiyo na turbo, ilinunuliwa na Rover ya Uingereza, ikaja kuwa moyo wa Range Rover.

Yaliyofuata yanajulikana zaidi: BMW 2002 Turbo mwaka 1973, Porsche 911 Turbo ikafuata, Saab 99 Turbo, na Renault iliyoingiza turbo katika Formula One mwaka 1977 ikachekwa kwa mvuke wake, hata Jean-Pierre Jabouille aliposhinda nayo huko Dijon mwaka 1979.

Kwetu, mwalimu alikuwa mashindano ya magari ya Safari Rally. Toyota Celica Twincam Turbo ilishinda miaka mitatu mfululizo, 1984, 1985 na 1986. Mkenya Ian Duncan akashinda mwaka 1994 kwa Celica yenye turbo. Patrick Njiru akawafanya vijana wa Kenya waipende Subaru, na Colin McRae akashinda kwa Impreza mwaka 1997. Mtu aliyesimama kando ya barabara ya vumbi akaisikia injini ile ikipita hakuhitaji kuhubiriwa tena.

Hapo ndipo gereji zilipoanza shughuli yake. Impreza ya kawaida iliyoagizwa Japani bila turbo hutumia injini ya ukoo wa EJ, ukoo uleule wa injini ya turbo ya lita 2, na kwa hiyo injini iliyotumika, ikinunuliwa huko Grogan jijini Nairobi, ambako rasmi ni Kirinyaga Road, hukaa vizuri mahali pa ile ya zamani. Wepesi huo ndio unaowaponza wengi. Injini ya turbo hudai pampu ya mafuta yenye nguvu zaidi, nozeli zake, kompyuta yake na nyaya zake, intakula ya kupoza hewa, breki kubwa, na rejeta iliyo safi ndani. Ikiletwa na giaboksi yake, difu ya nyuma nayo sharti ibadilishwe ili hesabu ya meno ilingane, la sivyo magurudumu ya mbele na ya nyuma yatashindana, na difu ya kati itaungua.

Fundi hodari nimemwona akianza na turbo yenyewe. Huushika mhimili kwa vidole viwili na kuutikisa: ukicheza kidogo kwa pembeni haidhuru, ukicheza kwa kuingia na kutoka huiweka kando, na akiona mapanga yamelowa oili huuliza maswali. Mhimili huo huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika juu ya utando mwembamba wa oili. Kwa hiyo, injini ikishafungwa, fundi haiwashi papo hapo. Huondoa fyuzi ya pampu ya mafuta, akaizungusha injini kwa stata peke yake, akapumzika, akarudia, mpaka taa ya oili izimike. Kisha huirudisha fyuzi, akawasha, akaiacha isilensa bila kuikanyaga, na kuinama na tochi kuutazama mpira unaorudisha oili chini kama unavuja.