Shekeli Kumi na Saba za Yeremia

Sara alipofariki Hebroni akiwa na miaka 127, mumewe Ibrahimu hakuwa na pa kumzika. Kitabu cha Mwanzo kinasimulia hayo bila kuona haya, ingawa sura za nyuma Ibrahimu alikwisha kuahidiwa nchi yote ya Kanaani, yeye na uzao wake. Mwenye ahadi hiyo akainama mbele ya Wahiti, akaomba auziwe kaburi. Efroni, mmoja wao, kwa adabu ya wauzaji wa siku zile, akasema angempa shamba bure. Hapo hapo akapenyeza bei, shekeli 400 za fedha. Ibrahimu hakuomba apunguziwe hata moja. Fedha ikapimwa mbele ya mashahidi langoni mwa mji, na shamba la Makpela likawa lake, pango na miti yake yote.

Mjukuu wake Yakobo alinunua kipande cha ardhi Shekemu kwa wana wa Hamori. Humo ndimo ilimozikwa baadaye mifupa ya Yusufu, iliyobebwa kutoka Misri. Mfalme Daudi akamlipa Arauna shekeli 50 kwa uwanja wa kupuria pamoja na ng'ombe. Nchi ilitolewa kama zawadi, lakini warithi wake waliendelea kutoa fedha. Huenda hapa ndipo Waebrania walipojifunza kuipima ahadi kwa vizazi badala ya miaka: Ibrahimu aliambiwa mapema kwamba uzao wake ungeteswa ugenini miaka 400 kwanza.

Namna ahadi hiyo ilivyofungwa kwa agano inastahili kuangaliwa kwa makini. Mashariki ya Kati ya kale wanyama walipasuliwa, na mwenye kuapa akapita katikati ya vipande, akikubali yampate yaliyompata mnyama iwapo angevunja neno lake. Mkataba wa karne ya 8 K.K. uliochongwa kwenye mawe huko Sefire, Syria, unamtishia mfalme Mati'el wa Arpad kwa mfano wa ndama aliyekatwa. Katika Mwanzo 15 mambo yamegeuzwa. Abramu, kama Ibrahimu alivyoitwa bado, amelala usingizi mzito. Kinachopita kati ya vipande ni tanuru ya moshi na mwenge wa moto. Aliyeahidi ndiye aliyeapa, na aliyeahidiwa hakutakiwa kupita.

Karne nyingi baadaye, takriban 587 K.K., jeshi la Babeli lilikuwa limeuzingira Yerusalemu. Nabii Yeremia alifungwa katika uwanda wa walinzi kwa kosa la kusema wazi kwamba mji ungeanguka. Akiwa humo akajiwa na binamu yake Hanameli, akitaka kumuuzia shamba lililoko Anathothi, kilomita chache kaskazini-mashariki mwa mji. Sheria ilimpa ndugu wa karibu haki ya kukomboa ardhi ya ukoo. Hanameli hakuwa mjinga: ardhi iliyokaliwa na adui haina mnunuzi mwingine.

Yeremia akanunua. Sarafu zilikuwa hazijaenea Yuda, hivyo akapima kwa mizani shekeli 17, yaani karibu gramu 190 za fedha. Hati ikaandikwa, mashahidi wakatia sahihi, nakala moja ikafungwa kwa muhuri na nyingine ikaachwa wazi. Kukitokea ugomvi, iliyofungwa ingefunguliwa kuthibitisha iliyo wazi. Mwandishi wake, Baruku mwana wa Neria, akaambiwa azitie zote katika chombo cha udongo zidumu siku nyingi. Mwaka 1982 wachimbaji wa mwanaakiolojia Yigal Shiloh walipata Yerusalemu vipande 51 vya udongo vyenye mihuri ya hati za namna hiyo. Moto ulioteketeza mji ulipoanguka mbele ya Wababeli uliunguza hati, lakini uliukausha udongo ukawa mgumu. Kimoja kina jina la Gemaria mwana wa Shafani, ambaye Yeremia 36 inamtaja.

Katika mzingiro huo huo wa siku za Yeremia, wakuu wa mfalme Sedekia walipita kati ya vipande vya ndama, wakaapa kuwaacha huru watumwa wao Waebrania. Wababeli walipoondoka kwa muda, watumwa wakakamatwa tena. Kiapo cha wakubwa hakikumaliza hata kipindi cha vita.

Yeremia mwenyewe hakutulia. Baada ya kukabidhi hati aliomba, akaonyesha maboma ya kuuzingira mji, akashangaa kwa nini ameamriwa kununua. Jibu alilopewa lilikuwa la kisheria kabisa: mashamba yatanunuliwa tena, hati zitaandikwa, mashahidi wataitwa. Agano halikuuzuia mji kuchomwa. Nabii huyu hakuwahi kuwadanganya watu juu ya hilo. Naye aliishia Misri, alikochukuliwa bila ridhaa yake.

Mwaka 539 K.K. Koreshi wa Uajemi aliiteka Babeli, na watu wa Yuda waliokuwa wamehamishiwa huko wakaanza kurudi. Orodha ya Ezra 2 inawahesabu watu wa Anathothi waliorejea: wanaume 128. Nehemia 7 inarudia idadi hiyo hiyo, na sura ya 11 inaitaja Anathothi miongoni mwa miji iliyokaliwa tena na Wabenyamini.